Magenge Meupe Mwezi wa Machi

Kati ya mji wa Seaford na mji wa Eastbourne, kusini mwa Uingereza, nchi kavu inakatika ghafla. Malisho mabichi yanafika ukingoni, kisha hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa bahari. Ukuta uliosimama wima kati ya majani na maji ni mweupe tangu juu hadi chini. Sehemu yake ya kati huitwa Seven Sisters, na ya mashariki Beachy Head. Njia ya miguu inapita juu ya ukuta huo kutoka mji mmoja hadi mwingine, kilomita 20 na ushei, na mtu asiye na haraka huimaliza kwa siku moja. Treni humshusha Seaford asubuhi, na treni nyingine humchukua Eastbourne jioni.

Matembezi haya hayafungwi mwaka mzima, lakini yana siku zake. Kiangazi, Julai na Agosti, watu hufurika, na jua likiwa juu huufanya ukuta mzima kuwa weupe mtupu usio na umbo. Majira ya baridi chaki iliyolowa huwa utelezi, na mchana huisha kabla ya safari. Siku zake bora ni zile za jua za mwanzoni mwa majira ya kuchipua, tangu Machi hadi majuma ya kwanza ya Aprili. Wakati huo jua bado linatembea chini angani. Tarehe 20 Machi au karibu na hapo, mchana na usiku vinapolingana, adhuhuri halifiki nyuzi 40 kutoka upeo wa macho, ilhali siku iyo hiyo Mombasa na Unguja linasimama karibu na utosi. Mwanga unaokuja kwa kulala huonyesha kila mfuo na kila ufa wa mwamba. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya magenge haya imeelekea kusini-magharibi, mwanga huo huyapata usoni baada ya saa sita mchana. Aijuaye njia hii haamki alfajiri. Huanza asubuhi iliyokwisha pambazuka vizuri, akijua kwamba kitu alichokuja kukitazama kitafunuka mchana.

Machi ina jambo jingine ambalo mtu aliyezaliwa karibu na ikweta hulishangaa kila mwaka hata akikaa huko maisha yake yote: siku zinarefuka kwa kasi. Kila siku inaongeza kama dakika 4 za mwanga juu ya ile iliyotangulia, na katika juma moja mchana umepata karibu nusu saa. Bahari, kinyume chake, haijasikia habari hiyo. Maji hupoteza joto polepole na kulipata polepole, kwa hiyo Machi ndipo bahari inayoitenga Uingereza na Ufaransa ina baridi kuliko karibu wakati wote wa mwaka, nyuzi 8 au 9 za Selsiasi. Hewa inayopita juu yake hupoa vivyo hivyo. Matokeo yake ni hali mbili za hewa kwa wakati mmoja: jua linapasha shavu moja na upepo unauma la pili, na koti linavuliwa kwenye bonde na kuvaliwa tena kileleni.

Safari huanzia kwenye ufukwe wa Seaford, mpana, wa kokoto za mviringo, ambao mgeni huudhania kuwa ni wa asili. Sivyo. Katika pwani hii mawimbi hupiga kwa mshazari kutoka kusini-magharibi, na kila wimbi husogeza kokoto kidogo kuelekea mashariki. Karne ya 19 ilipojenga ukuta mrefu baharini kuikinga bandari ya Newhaven, iliyo upande wa magharibi, msafara huo wa kokoto ulikatwa njiani. Seaford ikawa inatoa bila kupokea, na bahari ikausogelea mji. Mwaka 1987 kokoto nyingi mno zilichotwa kutoka chini ya bahari zikamwagwa mbele ya mji, na tangu hapo magari ya kazi huzirudisha kila mwaka kule zinakotoka. Habari hii ya kokoto inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachofuata huko mbele.

Mwisho wa ufukwe, pale genge la kwanza linapoinuka, kelele hutangulia kabla ya ndege wenyewe. Ni shakwe wa aina ndogo, wenye ncha nyeusi za mabawa kana kwamba zimechovywa wino, ambao wamepitisha majira ya baridi mbali katikati ya Atlantiki bila kukanyaga nchi kavu. Machi wanarudi kuzigombea rafu za mwamba ambako watataga, na rafu nyingine si pana kuliko kiganja. Anayesimama chini yao kwa muda huona kwamba ugomvi huo una utaratibu: kila jozi inarudi mahali pake, na anayekosea rafu hufukuzwa kwa makelele hadi aipate yake.

Kutoka hapo njia inapanda mlima wa Seaford Head. Juu yake kuna tuta la ngome ya Zama za Chuma, limezungushwa na watu waliotaka kuona mbali na kulala salama. Tuta hilo linakwenda vizuri juu ya majani mpaka ukingoni, kisha linakatika. Upande wake wa baharini haupo. Waliolijenga hawakuacha ngome wazi kwa bahari. Ardhi waliyoijengea ndiyo iliyoondoka. Ni mahali pazuri pa kutua mzigo kwa mara ya kwanza, maana ng'ambo, mashariki, magenge ya Seven Sisters yanaonekana yote kwa pamoja, na hata bado yakiwa nusu kivulini asubuhi, umbo lao halifanani na kitu kingine katika pwani hiyo: migongo inayopanda na kushuka, yote imekatwa kwa upande wa bahari kwa mstari mmoja.

Kando ya njia, vichaka vya miiba ambavyo Waingereza huviita gorse vimejaa maua ya manjano. Jua likivipasha moto hutoa harufu ya nazi, harufu hasa ya nazi iliyokunwa, na mtu wa Tanga au Malindi anayepita hapo bila kuambiwa hugeuka kutafuta inatoka wapi. Karibu yake ipo miti mifupi ya jamii ya plamu ambayo huchanua maua meupe kabla haijatoa jani hata moja, kwa hiyo matawi meusi yanaonekana yamebeba maua bila uhai wa mti. Chini ya hiyo yote kuna majani mafupi ya malisho, ambayo ni hazina kuliko yanavyoonekana. Karne kwa karne kondoo na sungura wameyala hadi chini, wakizuia mimea mirefu isitawale, na udongo wa chaki ni mwembamba na maskini. Katika umaskini huo hakuna mmea mmoja unaoweza kuishinda mingine yote. Ndiyo maana mita moja ya mraba ya malisho mazuri ya chaki huweza kubeba aina 40 za mimea. Mwezi wa Machi nyingi bado ni vijani vilivyolala chini, na ni mwenye kupiga magoti tu atakayeziona.

Ndege wa Machi hawataki kupigiwa magoti. Kipozamataza huruka kutoka kwenye majani, akapanda wima huku akiimba, akaendelea kupanda na kuimba dakika kadhaa bila kupumzika mpaka awe nukta, kisha akashuka kimya. Ni dume, anatangaza mipaka ya shamba lake. Na katika majuma hayo hayo huwasili msafiri mmoja anayestahili heshima zaidi: ndege mdogo mwenye mgongo wa kijivu, kinyago cheusi machoni na kiuno cheupe kinachomwakia anaporuka chini chini mbele ya mtembezi. Wale wanaokuja hapa Sussex wanatoka Afrika Magharibi, wamevuka Sahara na Mediterania. Ndugu zao wa aina iyo hiyo wanaozaliana Alaska huja kupitisha baridi Afrika Mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 14,000 kwa upande mmoja, na wana uzito usiofika hata ule wa yai dogo la kuku. Katika karne ya 18 na ya 19 wachungaji wa vilima hivi waliwatega kwa wingi na kuwauza wawe kitoweo cha matajiri waliokuja kupunga upepo Brighton na Eastbourne. Mtego huo umekwisha, na ni vyema umekwisha.

Baada ya Seaford Head kuna ngazi zinazoshuka hadi ufukweni mahali paitwapo Hope Gap. Hapa kalenda ya mwezi inahitajika. Bamvua za Machi, kama wanavyojua wavuvi tangu Lamu hadi Kilwa, ni miongoni mwa zilizo kubwa kuliko zote za mwaka, kwa kuwa jua wakati huo liko juu ya ikweta na nguvu yake ya kuvuta maji huungana na ya mwezi bila kupotea pembeni. Unguja bamvua hutofautisha maji kujaa na maji kupwa kwa kama mita 4. Hapa ni zaidi ya mita 6. Maji yakitoka hufunua jukwaa pana la mwamba mweupe, limechimbwa mifereji na vidimbwi, na ndani ya vidimbwi mna kaa, konokono wa baharini na mwani wa kijani na wa kahawia. Jukwaa hilo ndilo mzizi wa genge lililokuwapo zamani. Kila mita yake inaonyesha bahari imeingia umbali gani.

Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 walilitumia jukwaa hili, na lile la chini ya Beachy Head, kama daftari. Mwamba ukiwa wazi kwa anga hupigwa na miali itokayo nje ya dunia, na ndani yake hujengeka kiasi kidogo sana cha berili ya aina ya pekee. Ukipima kiasi hicho unajua mwamba huo umekuwa wazi kwa muda gani, na kwa hiyo genge lilirudi nyuma kwa kasi gani. Jibu lao lilikuwa zito. Kwa maelfu ya miaka magenge haya yalirudi nyuma kwa sentimita 2 hadi 6 kwa mwaka. Katika miaka kama 150 ya karibuni yamerudi kwa sentimita 22 hadi 32. Walilihusisha badiliko hilo na kupungua kwa ufukwe wa kokoto uliokuwa mbele ya genge, ambao zamani ulipokea kipigo cha mawimbi kabla hakijaufikia mwamba. Hapo ndipo habari ya Seaford na Newhaven inaporudi. Kokoto zinazozuiwa na kuta za mji mmoja ni kinga iliyoondolewa mbele ya jirani yake wa mashariki. Kila mji ulijilinda kwa nia njema, na jumla ya nia hizo njema imelipwa na mahali pasipo na mji.

Mto Cuckmere unafika baharini kati ya Hope Gap na Seven Sisters, na mlangoni mwake hakuna daraja. Mtembezi analazimika kuufuata mto hadi daraja la Exceat na kurudi kwa upande wa pili, jambo ambalo wenye haraka hulilalamikia. Lakini bonde hili ni sehemu ya matembezi iliyo tulivu kuliko zote. Mkondo wa zamani wa mto unapindapinda kwa madaha juu ya tambarare, na maji yake hayaendi popote: katika miaka ya 1840 ulichimbwa mfereji wa moja kwa moja ili maji ya mafuriko yafike baharini upesi, na mapindo yakaachwa kuwa maziwa yaliyolala. Yanaonekana katika picha za vitabu vya jiografia kama mfano wa mto mzee, ilhali kazi yake kama mto ilisimamishwa na majembe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia taa ziliwashwa usiku katika bonde hili ili marubani wa Ujerumani wadhani ni bandari ya Newhaven na kumwaga mabomu yao kwenye matope. Vibanda vya zege vya askari bado viko pale majanini.

Kwenye kokoto za mlango wa mto, Machi hutokea kitu ambacho hakina budi kutazamwa kwa karibu. Kati ya mawe makavu, pasipo na udongo unaoonekana, vinachomoza vichwa vya rangi ya zambarau iliyokolea, vimejikunja na kukunjamana, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ni mmea wa jamii ya kabichi. Mzizi wake umezama chini sana kutafuta maji yasiyo na chumvi, na majani yake machanga yana utando wa nta unaoyakinga na mnyunyizo wa bahari. Katika majuma machache zambarau hiyo itageuka kijani cha majivu na kuwa jani pana lenye mawimbi. Mtu akikanyaga kichwa kimoja mwezi huu amevunja kazi ya mwaka mzima, na kwa kuwa kinafanana na jiwe kwa mbali, hukanyagwa mara nyingi mno.

Kisha zinaanza zile Sisters zenyewe. Kwa jina ni saba, ingawa anayehesabu migongo kwa miguu yake mwenyewe hupata nane, kwa sababu mmoja mdogo haukuhesabiwa. Wa kwanza, Haven Brow, ndio mrefu kuliko wote, unakaribia mita 80. Kila mmoja unapandwa hadi juu kwa jasho na kushukwa upande wa pili hadi kwenye bonde lisilo na mto. Mabonde hayo makavu ni mabaki ya zama za barafu. Chaki kwa kawaida hunywa mvua yote, lakini ardhi ilipokuwa imeganda haikuweza kunywa, na maji ya theluji ya kiangazi yalitiririka juu yake na kuchimba mabonde. Barafu ilipoondoka maji yakarudi chini ya ardhi, mabonde yakabaki bila kazi. Bahari nayo ikaja ikayakata yote kwa ubavu. Umbo linalopigwa picha na maelfu ya watu ni makutano ya kazi mbili zilizopishana kwa miaka elfu nyingi.

Chaki yenyewe ilifanyika chini ya bahari yenye joto, miaka kati ya milioni 80 na 90 iliyopita. Ni mabaki ya viumbe wa jamii ya mwani, wadogo wasioonekana kwa jicho, waliojivika vigamba vya chokaa. Walipokufa vigamba vilizama na kulundikana sentimita chache tu kwa kila miaka elfu, mpaka vikawa mwamba wa mamia ya mita. Pwani ya Waswahili ina habari ya namna iyo hiyo. Mawe yaliyojenga Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja na Kilwa Kisiwani ni matumbawe, chokaa iliyotengenezwa na viumbe hai wa baharini, ila yale ni ya juzi yakilinganishwa na haya.

Ndani ya weupe huo kuna mistari myeusi iliyolala sambamba, na mistari hiyo ni gumegume. Silika ya mifupa ya sifongo wa kale iliyeyuka, ikasafiri katika matope ya chaki na kuganda tena katika matundu na mashimo. Gumegume likidondoka kutoka kwenye genge huwa na ganda jeupe la unga, la umbo lisiloeleweka, lenye vidole na matundu. Likivunjwa, ndani ni jeusi, linang'aa, na ukingo wake unakata ngozi bila kusukumwa. Watu wa Zama za Mawe walichimba visima katika vilima vya Sussex kulitafuta. Bahari hulivunja ganda hilo, ikalisugua na wenzake miaka mingi, na mwisho wake ni kokoto laini ya mviringo inayokaa kiganjani. Kwa maneno mengine, kokoto za ufukwe unaolilinda genge zinatoka ndani ya genge lenyewe. Genge lisipoanguka hakuna kokoto mpya, na pasipo kokoto genge huanguka zaidi.

Jambo hili halipendezi kusikika, lakini ni la kweli na linapaswa kusemwa waziwazi: weupe wa magenge haya ni dalili ya kuporomoka kwake. Pale pwani ya chaki ilipojengewa ukuta wa zege chini na mawimbi yakazuiwa, uso wa mwamba haufanywi upya. Katika miongo michache hupata ukungu wa kijani, kisha nyasi, kisha vichaka, na mwisho huwa mteremko wa kijivu kama mwingine wowote. Anayetaka Seven Sisters ibaki nyeupe anataka, apende asipende, iendelee kupungua.

Hata hivyo vilima hivi nusura vipotee kwa njia nyingine. Katika miaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ya pwani hii ilikuwa ikikatwa viwanja. Mji wa Peacehaven, magharibi ya Newhaven, ulichorwa na kuuzwa namna hiyo juu kabisa ya magenge. Ilipoonekana kwamba Crowlink, nyuma ya Seven Sisters, ingefuata, wapenzi wa vilima walichanga fedha na mwaka 1926 ardhi hiyo ikanunuliwa. Baadaye ikawa chini ya shirika la hifadhi la National Trust, na tangu 2010 eneo lote hili limo katika Hifadhi ya Taifa ya South Downs. Kondoo wanaoonekana hapo Machi, wengine wakiwa na wana wa siku chache, wanalisha mahali palipokuwa karibu kupewa anwani za barabara.

Birling Gap ni bonde la mwisho, na ndilo pekee ambapo nyumba zimefika ukingoni. Safu ya nyumba za walinzi wa pwani ilijengwa hapo mwaka 1878, wakati kulikuwa na bustani na njia mbele yake. Moja baada ya nyingine zimebomolewa genge lilipozikaribia. Nyumba moja iliondolewa mwaka 2014 baada ya dhoruba kali za majira hayo ya baridi. Ukuta wa mwisho wa safu unaonyesha mahali mahali alama za vyumba vya jirani asiyekuwapo tena. Waliokuwa na nyumba hapo walitaka ukuta wa bahari, na mtu aliyewahi kuipenda nyumba hawezi kuwalaumu. Uamuzi uliofikiwa ulikuwa kuacha bahari ifanye kazi yake. Ulikuwa mgumu, nao ulikuwa sahihi, kwa sababu ukuta wa hapo ungezizuia kokoto za wengine kama vile kuta nyingine zilivyozizuia za hapa.

Kilomita moja hivi mbele, mnara wa taa wa Belle Tout unatoa mfano wa njia ya tatu, kati ya kupigana na kuacha. Ulianza kuwaka mwaka 1834, kwa msaada wa John Fuller, tajiri wa Sussex aliyemiliki mashamba ya watumwa Jamaika na kuutetea utumwa bungeni. Historia ya taa hii nayo ina fedha za aina hiyo ndani yake. Taa ilikuwa juu mno, na ukungu uliifunika mara kwa mara. Mwaka 1902 mnara mpya wa mawe ya matale, wenye urefu wa mita 43, ulijengwa ndani ya bahari chini ya Beachy Head, mafundi na mawe wakishushwa kwa kamba kutoka juu ya genge. Belle Tout ikawa nyumba ya watu. Mwishoni mwa karne ya 20 genge lilikuwa limefika mita chache tu kutoka mlangoni, na Machi 1999 mnara mzima, tani zipatazo 850, uliinuliwa kwa jeki na kuteleza juu ya reli zilizopakwa grisi, mita 17 kuelekea bara. Uliwekwa hapo juu ya misingi inayoruhusu kuhamishwa tena.

Mwezi Januari mwaka huo huo, kipande kikubwa cha Beachy Head kiliporomoka, kikamwaga chaki kuelekea mnara ule wa baharini. Mwanzoni mwa Aprili 2001, baada ya majira ya baridi yenye mvua isiyokatika, nguzo ya chaki iliyoitwa Devil's Chimney ilianguka. Tarehe hizi si bahati tu. Mvua za baridi hulowesha mwamba, barafu hupanua nyufa, na kati ya majira ya baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua ndipo mwamba huo mzito unapoachia. Wastani wa sentimita kwa mwaka unadanganya. Genge husimama miaka mingi bila kutikisika, kisha katika sekunde chache huondoka na mita kadhaa za malisho. Hata siku nzuri ya jua haliachi kuanguka.

Beachy Head, mita 162 juu ya maji, ndilo genge la chaki refu kuliko yote ya bahari Uingereza. Mnara ule wa baharini, wenye mistari myekundu na myeupe, ukitazamwa kutoka hapo juu alasiri, huonekana mfupi kiasi cha kutoaminika. Katika bahari iliyo mbele yake, mwaka 1895, marafiki wa mwanafalsafa Friedrich Engels walimwaga majivu yake, kama alivyoagiza, kwa kuwa aliipenda Eastbourne na alikuja mara nyingi kupumzika. Nyuma, magharibi, jua sasa limeyafikia magenge yote na mstari uliokatwa unaonekana tangu Seaford.

Kutoka hapo njia inateremka kwa muda mrefu hadi Eastbourne, mji uliokuzwa na reli iliyofika 1849. Claude Debussy aliumalizia hapa muziki wake kuhusu bahari, La Mer, mwaka 1905. Julai 1911 palirekodiwa saa 384 za jua katika mwezi mmoja, rekodi ya Uingereza. Ufukwe wake umegawanywa kwa kuta za mbao zinazoingia baharini, kila moja ikiwa imeshikilia rundo la kokoto upande wake wa magharibi. Mtu aliyetembea tangu asubuhi anazitazama kuta hizo akijua hesabu ya kokoto hizo.

Njia yenyewe ni sehemu ya njia ya pwani nzima ya England, iliyopangwa kuzunguka zaidi ya kilomita 4,300, na sheria iliyoianzisha mwaka 2009 ina kifungu kisicho cha kawaida: bahari ikila ardhi, njia inaweza kurudi nyuma pamoja na ukingo bila kuhitaji kupimwa na kuidhinishwa upya. Basi anayekwenda Machi hii na afuate alama za mwaka huu, si nyayo za mwaka jana zinazoelekea hewani. Ukingo wa chaki mara nyingi umeliwa kwa chini na hauonekani kwa aliyesimama juu yake. Mandhari ni ile ile mita kumi ndani, na hapo ndipo pa kuketi.